MAONI YETU: Chupa ya chanjo ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja

Mavuno yakiingia, Kibaigwa hailali. Malori ya mahindi yanapanga foleni kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, wapagazi wanashusha magunia, mama lishe wanachochea moto watoto wakiwa mgongoni. Soko hili la Wilaya ya Kongwa linakutanisha watu wa kila pembe. Surua nayo haitaki zaidi ya hapo. Virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, na kati ya watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, 9 huweza kuambukizwa.

Tatizo letu ni kwamba homa ya mtoto tumeipa jina moja tu, malaria. Mzazi anapita duka la dawa, ananunua mseto bila mtoto kupimwa, anarudi kwenye biashara. Upele ukijitokeza, wapo wanaoshukuru kwamba ugonjwa “umetoka”, wakamfungia mtoto ndani kwa kuamini kuwa surua haitaki sindano. Hapo ndipo watoto wanapotuponyoka.

Surua huanza kama mafua: homa kali, kikohozi, kamasi, macho mekundu yanayotoa machozi. Siku chache baadaye upele huanzia nyuma ya masikio na usoni, kisha hushuka kifuani hadi miguuni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wake unaweza usionekane vizuri. Pitisha kiganja, utausikia unakwaruza.

Tetekuwanga ni tofauti. Ni malengelenge yenye maji, yanawasha, mapya yanatoka huku ya zamani yakikauka. Rubela humpita mtoto kirahisi, lakini mjamzito akiipata miezi ya mwanzo anaweza kuzaa mtoto kiziwi, mwenye mtoto wa jicho au mwenye kasoro ya moyo. Ukiona madoa ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa, na mtoto ana homa, usikae kulinganisha upele. Mkimbize hospitali. Fanya hivyohivyo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akipumua harakaharaka au akilegea.

Surua haina dawa ya kuua virusi vyake, ila ina matibabu. Kinachoua sana ni nimonia na kuhara vinavyoifuata, na vyote viwili hutibika mtoto akifikishwa mapema. Vinywaji, maziwa ya mama, chakula na dawa ya kushusha homa ni vya lazima. Cha lazima zaidi ni vitamini A, dozi mbili kwa siku mbili mfululizo, kipimo kikitegemea umri. Inatolewa na mhudumu wa afya. Si ya kubahatisha nyumbani.

Habari za vitamini hiyo si ngeni mkoani kwetu. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Hospitali ya Mvumi, hapahapa Dodoma, kwa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6. Kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida tu walikufa 12. Kwa wenye umri chini ya miaka 2 tofauti ilikuwa kubwa zaidi: alikufa 1 kati ya 46, dhidi ya 7 kati ya 42. Dawa ambayo ubora wake ulipimwa kwa watoto wa Dodoma haifai kumkosa mtoto wa Kongwa. Vitamini hiyo hulinda na macho, ambayo surua huweza kuyapofusha. Maji ya majani yanayokamuliwa machoni huongeza hatari hiyo. Yaachwe.

Lakini kuuguza ni gharama ya kuchelewa. Tangu 2014 nchi yetu inatoa chanjo ya surua na rubela mara mbili: miezi 9 na miezi 18. Dozi ya kwanza huwa haisahauliki. Ya pili humkuta mtoto anatembea, mama karudi sokoni, na kadi ya kliniki iko chini ya sanduku.

Lawama si za mama peke yake. Chupa moja ya chanjo hii ina dozi kadhaa, na ikishafunguliwa haitumiki baada ya saa 6. Kwa kuogopa kumwaga zinazobaki, zipo zahanati zinazosubiri watoto watimie, na aliyefika peke yake anaambiwa arudi siku nyingine. Mama aliyefunga biashara yake asubuhi hiyo hatarudi. Tunaitaka halmashauri iagize waziwazi kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Dozi zilizomwagwa ni hasara ndogo kuliko kitanda cha nimonia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wapite sokoni, kibanda kwa kibanda, wakague kadi.

Nawe mzazi, usiku huu itoe kadi uisome. Kama mtoto amevuka miezi 18 na nafasi ya dozi ya pili iko wazi, kesho anza kliniki, soko lifuate.