Siri ya Kikao Isigeuke Kichaka cha Wakubwa

Makamanda, kuna kikao hospitalini ambacho wengi wetu hatukijui. Mama akifa kwa uzazi, kifo chake kinatakiwa kitolewe taarifa ndani ya saa 24. Ndani ya siku 7 madaktari, wauguzi na uongozi wanakaa kupitia faili lake: alifika saa ngapi, nani alimwona, damu ilikuwepo, gari lilichelewa wapi. Utaratibu wa Wizara ya Afya ni kwamba kikao hicho ni cha kujifunza, siyo cha kutafuta mchawi. Majina hayatoki nje.

Mimi naunga mkono siri hiyo. Muuguzi aliyekuwa peke yake zamu ya usiku akijua kwamba maneno yake kesho yatasomwa polisi, hasemi kitu. Ataandika faili lipendeze, basi. Tutabaki na karatasi safi na makaburi mapya.

Lakini jamani, tusidanganyane. Kumlinda muuguzi ni kitu kimoja, kumlinda mkubwa ni kitu kingine kabisa. Kikao kikikuta kwamba damu haikuwepo, au gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, hilo kosa la muuguzi? Ni la waliopanga bajeti. Sasa hilo nalo linafichwa kwa faida ya nani?

Tuwaangalie majirani. Kenya ilichapisha ripoti yake ya kwanza ya siri kuhusu vifo vya wajawazito, ikichambua vifo vya mwaka 2014. Humo hakuna jina la daktari wala la marehemu. Ila ilisema wazi kwamba takriban wanawake 9 kati ya 10 hawakupata huduma inayokidhi kiwango. Afrika Kusini nao wanachapisha ripoti za aina hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Sisi tunapewa namba ya kupigia makofi: kutoka vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Kupungua ni jambo jema, nani atabisha? Ila namba ya taifa haimwambii mtu wa Ipogolo, anayepandisha mlima usiku na mkewe kwenye bajaji, kama huko juu mjini atakuta damu.

Kuna watakaouliza: na uzembe wa wazi je? Mwaka 2007 pale MOI Muhimbili, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Kosa la namna hiyo lina njia yake, nayo ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Siri ya kikao isitumike kumzuia ndugu wa marehemu kupeleka malalamiko huko.

Tunachodai ni hiki. Kila robo mwaka hospitali za umma, ikiwemo ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, zibandike ukutani: vifo vingapi vimepitiwa, sababu zipi zimeonekana, nini kimeahidiwa, ofisi gani itekeleze na lini. Majina yabaki ndani. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yetu, na hakuna lililo muhimu kuliko uhai.

Vijana wa Ipogolo, diwani akiitisha mkutano, muulizeni swali hili mbele ya wananchi. Asipokuwa na jibu, muulizeni tena mkutano unaofuata.