Maoni: Namba 25 ya Chris Neil, je, uaminifu unatosha?

Tarehe 17 mwezi wa pili 2023, katika muji wa Ottawa, inchini Kanada, kitambaa kikubwa chenye namba 25 kilipandishwa hadi kwenye dari ya uwanja wa timu ya Ottawa Senators. Tangu siku ile hakuna mchezaji mwingine wa timu hiyo anayeruhusiwa kuivaa. Ni namba ya Chris Neil. Alikuwa mchezaji wa hoki ya barafu, mchezo ambao wengi wetu huku Goma, Bukavu ama Lubumbashi tunauona kwenye televisheni tu: watu wanateleza na viatu vya vyuma, wakikimbiza kisahani cheusi kwa fimbo.

Kwa nini tuongee juu yake? Kwa sababu swali lililowagawa mashabiki wa kule linatuhusu pia, na siyo tu ndugu zetu Wakongomani wanaoishi Ottawa na Gatineau. Mchezaji ambaye hakuwa nyota, lakini alibaki na timu moja toka mwanzo hadi mwisho, anastahili heshima kubwa kuliko zote ambazo timu inaweza kutoa?

Tuanze na hesabu, maana ndiyo silaha ya wale wanaokataa. Ottawa ilimchagua Neil 1998, akiwa wa 161 kwenye orodha ya vijana wa mwaka ule. Toka 2001 hadi 2017 alicheza mechi 1,026 za msimu wa kawaida, zote na Ottawa. Alifunga mabao 112 na kutoa pasi za mabao 138, jumla alama 250. Sasa mtazame mwenzake Jason Spezza, fundi wa kweli. Akiwa Ottawa alifunga mabao 251. Mabao peke yake yanapita alama zote za Neil! Ukiongeza na pasi, Spezza ana alama 687 katika mechi 686. Lakini Spezza aliomba kuondoka, akaenda Dallas 2014, na namba yake 19 wakavaa wengine.

Iko hesabu moja ambayo Neil anawashinda wachezaji wote wa Ottawa: dakika 2,522 za adhabu. Katika hoki, aliyefanya kosa dogo anatolewa uwanjani dakika 2, na aliyepigana ngumi anatolewa dakika 5, kisha anarudi kucheza. Jumlisha dakika zile zote, unapata saa 42. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ukimgonga vibaya mfungaji wa Ottawa, dakika chache baadaye unamkuta Neil mbele yako, amekwisha kutupa glovu chini.

Sisi Wakongomani tunaijua heshima ya namba kwa njia ya Dikembe Mutombo. Atlanta Hawks waliiondoa namba 55 kwa ajili yake 2015, na Denver Nuggets wakafanya vile vile 2016. Miji miwili kwa mtu mmoja! Denver alikaa misimu 5 tu, na katika maisha yake ya mpira wa kikapu alipita timu 6. Hakuna aliyemuuliza juu ya uaminifu, kwa sababu ukubwa wake ulionekana wazi kila alipoinua mkono na kuzuia mpira. Huo ni mlango wa kwanza wa kuingilia, mlango wa kipaji. Ubishi wa Ottawa ni kama kuna mlango wa pili.

Wanaosema hapana wana hoja nzito. Namba ni chache, na kila unayoitundika kwenye dari inapunguza zinazobaki. Ukimpa leo mwenye alama 250, kesho utamnyima nani? Tena, kukaa mahali pamoja si sifa kila mara. Kuna anayekaa kwa sababu hakuna mwingine anayemtaka.

Hoja hii ya mwisho haimgusi Neil. Mwaka 2009 mkataba wake uliisha na alikuwa huru kwenda popote. Akatia saini tena na Ottawa, miaka 4. Watu wanaopigana na kugonga vile walitafutwa sana wakati ule, na timu yake haikuwa imechukua kombe. Ilifika fainali mara moja, 2007, ikapigwa na Anaheim.

Linalonisumbua mimi ni ngumi zenyewe. Derek Boogaard, aliyekuwa akifanya kazi kama hii Minnesota na New York, alifariki 2011 akiwa na miaka 28. Waganga walipopima ubongo wake wakakuta ugonjwa unaoletwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Kwa hiyo kitambaa kile kinachopanda darini si picha nzuri tu. Mzazi wa mtoto anayeanza hoki ana haki ya kuuliza tunasifu kitu gani.

Hata hivyo ninasema Neil anastahili, na sababu yangu inatoka hapo hapo kwenye ngumi. Namba 11 ya Daniel Alfredsson ilipandishwa 2016 bila mtu kubisha. Mabao 426 akiwa Ottawa, nani angebisha? Tena Alfredsson alimalizia Detroit, kwa ajili ya ugomvi wa mkataba, na alisamehewa. Lakini mabao yale mengi aliyafunga akicheza pamoja na watu waliolipwa ili yeye asiguswe. Timu ilitaka kazi ile, mashabiki walisimama na kupiga kelele ilipofanyika, tiketi ziliuzwa. Kumtukuza aliyelindwa na kumficha aliyemlinda kwa sababu leo tunaona haya, huo ni unafiki. Kama kazi ilikuwa mbaya, lawama iwe ya waliomtuma, siyo ya aliyetoa mwili wake mechi 1,026.

Na hofu kwamba dari itajaa? Tangu timu ilipoanza upya 1992, kabla ya Neil zilipanda namba tatu tu: ya Frank Finnigan wa zamani, ya Alfredsson, na ya Chris Phillips, ambaye naye hakuvaa jezi ya timu nyingine katika mechi 1,179. Namba 4 katika miaka 30. Hiyo si ovyo.

Huku kwetu desturi hii haina mizizi, na hapo ninatazama Lubumbashi. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 2010, katika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu pale Abu Dhabi, Inter Milan waliwapiga TP Mazembe 3-0. Kapiteni wa Inter alikuwa Javier Zanetti, na golini mwa Mazembe alikuwa Robert Kidiaba, yule wa kuruka-ruka kwa makalio. Zanetti alipoacha kucheza 2014, Inter waliiondoa namba 4 yake. Kidiaba alikaa Mazembe zaidi ya miaka kumi, akachukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2009, 2010 na 2015, akiwa mara ya mwisho na miaka 39. Yeye ana milango yote miwili, wa kipaji na wa kubaki. Wakubwa wa klabu, kabla ya kumpa kipa mwingine namba 1 msimu ujao, wakae kwanza waongee juu ya jambo hili. Kitambaa hakigharimu pesa nyingi, na mwenye namba bado yuko hai, anaweza kusimama pale uwanjani na kukitazama kikipanda.