Kasha la Kompyuta ya Michezo kwa Mwenye Kusafiri

Koplo mmoja wa polisi aliye kazini katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye mkewe na watoto wanakaa mjini Mbarara, ametuletea swali ambalo halijapata kuulizwa katika ukurasa huu. Mwanawe wa kiume hupenda michezo ya kompyuta, hasa kandanda. Shule zifungwapo, kijana humfuata baba yake Nakivale. Zifunguliwapo, hurudi kwa mama yake. Baba ameweka akiba kwa miezi mingi ili wajenge kompyuta moja itakayosafiri pamoja na kijana, naye auliza anunue kasha gani. Dukani wameonyeshwa moja dogo mno, lenye ubavu wa kioo na taa za rangi, na kijana amekwisha kulipenda.

Wako watakaosema anunue kompyuta ya mapajani, yaishe. Lakini Koplo ana hoja: ile ya kujengwa ikiharibika kipande kimoja, hubadilishwa kipande hicho tu. Wasomaji wetu wa kambi ya Makenke, ambao huhamishwa mara kwa mara na vyombo vyao, watamwelewa.

Ukubwa wa kasha hupimwa kwa lita, kama jerikani la maji. Kasha la kawaida la mezani ni sawa na majerikani mawili ya lita 20, au zaidi. Yale ya kubebeka huwa kati ya lita 7 na 20. Ndani yake hukaa mazabodi ya aina ya Mini-ITX, iliyobuniwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, nayo ni mraba wa sentimita 17 kila upande. Pawasaplai yake mara nyingi ni ya kipimo cha SFX, yenye upana wa sentimita 12.5 na kina cha sentimita 10.

Hapa ndipo watu wapotezapo fedha: hununua kasha kwanza, kadi ya picha baadaye. Kadi nyingine hupita urefu wa sentimita 30, wala hakuna fundi awezaye kuikata. Yafaa Koplo aichague kadi kwanza, aandike urefu, kimo na unene wake, aandike pia kimo cha feni ya prosesa, ndipo aende dukani na utepe wa kupimia.

Lile la kioo mimi nisingelinunua. Kasha la lita 7 lina hewa kidogo; joto likizidi, mashine hujipunguzia mwendo yenyewe, na feni hupiga kelele huku zikivuta vumbi. Na vumbi la Nakivale wakati wa kiangazi si mgeni kwa yeyote aliyepata kuanika nguo huko. Achukue la lita 12 hadi 18, la chuma, lenye mbavu za matundu na vichujio vitokavyo kwa urahisi ili vioshwe kila juma. Mpini wa kubebea ukiwapo, heri zaidi. Kioo kikae dirishani.

Akiba isipotosha, iko njia nyingine ambayo binafsi naipenda. Zipo kompyuta ndogo za ofisini zilizokwisha kutumika, kama Dell OptiPlex za umbo dogo. Kasha, mazabodi na pawasaplai vimo tayari. Lakini ajihadhari: pawasaplai yake ni ya umbo lake peke yake, haina nguvu nyingi, na nafasi ya kadi ni fupi. Kadi iwe ya kimo kifupi, isiyohitaji waya wake wa umeme. GTX 1650 zenye umbo hilo zipo, nazo hula wati 75. Kwa kandanda yatosha kabisa, na mahali penye umeme wa jua uchache huo wa wati ni faida.

Imebaki safari. Kadi nzito huning'inia kwenye mazabodi kwa skrubu mbili tu, na mitikisiko ya barabara ya vumbi huweza kuivunja nafasi yake. Hapana budi kuitoa kabla ya kuondoka Mbarara na kuitia katika mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Ndani ya kasha patiwe sifongo laini, nalo kasha lipakatwe katika teksi. Lisifungwe nyuma ya bodaboda.

Wakifika Nakivale, kasha lifunguliwe kabla waya wa umeme haujachomekwa, sifongo itolewe yote, kadi irudishwe na skrubu zikazwe. Kazi hiyo aifanye kijana mwenyewe, baba amshikie tochi.