Asiyekuwapo na Lake Halipo: Vijia vya Misitu na Haki ya Umma

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Aghalabu methali hii hutajwa katika mambo ya urithi na mgao wa chakula, lakini ukweli wake unadhihirika vilevile katika misitu ya umma nchini Kenya. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu misitu ya serikali kuwa sehemu ya ardhi ya umma. Kwa maneno mengine, mwenye misitu hiyo ni mwananchi. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida huijua mali yake kwa jina tu. Huiona kwa mbali akiwa ndani ya matatu, huisikia ikitajwa katika taarifa za habari siku inaponyakuliwa, kisha huisahau hadi siku nyingine ya unyakuzi. Mwenye mali hayupo, na lake halipo.

Makala haya yanashikilia kuwa njia ya miguu inayopita msituni, pamoja na kiti cha kupumzikia, kibao cha kuelekeza na mahali pa watoto kuchezea, si anasa ya wachache wala pambo la kuwapendeza watalii. Ni zana ya uhifadhi kama ulivyo ua na kama alivyo askari wa msitu. Maadamu ni hivyo, vijia hivyo vinastahili kutungiwa sera, kutengewa fedha na kufunguliwa kwa kila tabaka la watu.

Mfano ulio karibu zaidi na wakazi wa jiji kuu ni Msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, wenye ukubwa wa takriban hekta 1,041. Msitu huu ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mnamo 1932. Kufikia 1998 ilikuwa imebainika kwamba sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi kwa ajili ya ujenzi wa majumba. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipofika langoni kupanda miche, walivamiwa na walinzi wa kukodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Mwishoni mwa mwezi huohuo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliandamana kuutetea msitu huo na wakakabiliana na polisi. Hatimaye, tarehe 16 Agosti 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza marufuku ya ugawaji wa ardhi ya umma. Vijana wa vyuo vikuu wana sababu ya kuikumbuka historia hii, kwani damu ya waliowatangulia madarasani imo ndani yake.

Ni muhimu, hata hivyo, kuyatazama yaliyofuata. Baada ya 1999 miti ilisalia, lakini watu hawakuingia. Karura iliendelea kusifika kwa ujambazi. Taka zilitupwa humo, magogo yakakatwa kwa siri, na mzazi aliyeishi umbali wa kutupa jiwe kutoka msituni alimwonya mtoto wake asithubutu kuukaribia. Msitu ulikuwa umenusurika midomoni mwa wanyakuzi, ila haukuwa umerudi mikononi mwa wenyewe.

Kilichobadilisha hali hiyo ni ua na njia. Sheria ya Misitu ya 2005 ilikuwa imeruhusu jamii kushirikiana na serikali katika usimamizi wa misitu kupitia jumuiya zilizosajiliwa. Kwa msingi huo, Shirika la Huduma za Misitu na jumuiya ya Marafiki wa Msitu wa Karura walianza kushirikiana. Ua wa umeme ukajengwa, vijana wa mtaa wa Huruma ulio mpakani mwa msitu wakapata kazi za ulinzi na matengenezo, na mnamo 2011 milango ikafunguliwa kwa umma. Leo Karura ina zaidi ya kilomita 50 za njia za watembezi, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Njia hizo humfikisha mgeni kwenye maporomoko ya maji ya Mto Karura na kwenye mapango ambayo, kwa masimulizi, yaliwahifadhi wapiganaji wa Mau Mau. Kuanzia 2014, mbega waliletwa kutoka Kipipiri na kuachiliwa humo, nao wamezaana. Wanyama hao, ambao hawawezi kuishi pasipo miti mirefu, wanaishi leo mahali palipokusudiwa kujengwa nyumba.

Je, njia ya miguu hulindaje msitu? Kwanza, huleta macho. Mkata magogo na mwizi hupenda mahali pasipopitwa na mtu, ilhali kijia kinachopitwa na mamia ya watu kila asubuhi hakina nafasi ya siri. Pili, huleta mapato, kwa kuwa ada ndogo ya mlangoni, ikikusanywa kwa uaminifu, hulipa mishahara ya walinzi na kukarabati ua. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, huzaa mazoea. Mtu aliyefundishia mwanawe kuendesha baiskeli katika kijia fulani, au aliyepoza machungu ya msiba chini ya mti fulani, hawezi kunyamaza mti huo ukiwekewa alama ya kukatwa. Yeye hatetei msitu wa vitabuni, bali anatetea mahali anapopajua.

Ulinganisho na Msitu wa Ngong Road, ulio upande wa pili wa jiji, unatoa funzo. Msitu huo nao ulitangazwa mwaka wa 1932, ukiwa na zaidi ya hekta 2,900. Leo haufiki hekta 1,300, na Barabara ya Southern Bypass imepita ndani yake. Umemegwa kidogo kidogo, kila kizazi na kipande chake. Si kweli kwamba ukosefu wa vijia pekee ndio uliouponza, kwani wakati mwingi wa umegaji huo hata Karura haikuwa na njia za umma. Lakini ni dhahiri kwamba msitu usio na watu wa kuuzoea hupungua bila kelele, na kelele zikija huja ardhi ikiwa tayari na hatimiliki.

Wapo wanaopinga rai hii, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Kundi la kwanza husema kwamba watu ni maradhi ya msitu: hukanyaga miche, hutupa chupa za plastiki, huwatisha wanyama, na magurudumu ya baiskeli hugeuza kijia kuwa mfereji wakati wa masika. Mgala muue na haki mpe, kwani madhara haya yapo. Dawa yake, hata hivyo, si kufunga msitu. Kijia kilichochorwa vizuri hukata mteremko kwa ubavu badala ya kushuka nao wima, ili maji yasikifuate. Hufungwa kwa muda udongo ukiwa tepetepe. Hupitishwa mbali na viota na vyanzo vya maji. Aidha, kijia kimoja kilichotunzwa huwazuia watu kujifungulia mapito kumi ya ovyo.

Isitoshe, maarifa haya si mageni katika nchi hii. Wazee wa Kimijikenda wamezilinda kaya za pwani, ambazo baadhi yake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mnamo 2008, kwa miiko inayohusu hata nyayo za mgeni. Anayeingia kaya hupita katika njia iliyowekwa na haruhusiwi kuchepuka. Kwa hivyo njia haikuwa adui wa msitu mtakatifu, bali ilikuwa sehemu ya ulinzi wake. Wasimamizi wa misitu ya serikali wana mengi ya kujifunza kwa wazee hao kabla ya kwenda kutafuta mwongozo ng'ambo.

Kundi la pili la wapinzani lina hoja nzito zaidi. Husema kwamba matembezi ya msituni ni starehe ya wenye magari na viatu vya bei, na kwamba jina zuri la uhifadhi limetumiwa kumfungia nje mwanamke wa kijijini aliyekuwa akiokota kuni. Hoja hii inagusa haki. Ni vyema ikumbukwe kwamba njia nyingi zinazoitwa leo vijia vya burudani zilianzishwa na nyayo za watu wa aina hiyo: wachanja kuni, wachungaji, waganga wa mitishamba na warina asali. Kumnyang'anya mtu njia aliyoifungua mwenyewe, kisha kumtoza ada ili apite, ni dhuluma iliyovikwa vazi la kijani.

Sheria yenyewe haikukusudia hivyo. Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Misitu ya 2016 inaziorodhesha pamoja haki ambazo jumuiya ya misitu inaweza kupewa: kuchuma dawa, kurina asali, kupata kuni, kukata nyasi na kulisha mifugo, na katika orodha hiyohiyo, utalii na burudani. Mtunga sheria hakumtenganisha mwokota kuni na mtembezi. Waliotenganisha ni watekelezaji. Kuna mifano inayoonyesha kwamba pande hizi mbili zinaweza kufaidiana. Kando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke, katika Kaunti ya Kilifi, upo mpango ambao mapato ya wageni wanaotembea juu ya daraja la mbao katika mikoko ya Hori ya Mida huchangia karo ya wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu. Mzazi ambaye karo ya mwanawe imetoka msituni hahitaji kuhutubiwa kuhusu faida ya miti.

Suala la fedha linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwani ndiko ugomvi wa sasa uliko. Mwishoni mwa Agosti 2025, Shirika la Huduma za Misitu liliagiza kwamba ada zote za Karura zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Jumuiya iliyokuwa ikishirikiana nalo ilipinga, watembezi wakapaza sauti, na shauri likafika mahakamani. Kila upande ulikuwa na la kusema. Serikali ina haki ya kujua kila senti ya mali ya umma, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Jumuiya nayo ilikuwa na haki ya kuhofia kwamba shilingi iliyotolewa langoni ikishaingia katika hazina kuu hairudi tena kukarabati ua. Suluhisho la kudumu halimo katika ushindi wa upande mmoja. Limo katika kanuni iliyo wazi: sehemu maalum ya ada ya kila msitu ibaki katika msitu huo kwa mujibu wa sheria, sehemu nyingine iwafikie majirani, na hesabu zote zibandikwe langoni ambapo kila mlipaji atazisoma. Fauka ya hayo, pawe na siku ambazo wanafunzi na majirani wasio na uwezo huingia bila malipo. Msitu wa umma ambao mlango wake umemshinda mwana wa umma haustahili kuitwa hivyo.

Lipo jambo jingine linalowahusu hasa wapenzi wa Kiswahili. Katika misitu mingi ya Kenya, kibao kinachomwelekeza mtembezi, ramani iliyopo langoni na onyo kuhusu moto vimeandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi kwa Kiingereza pekee. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ikiwa msitu ni wa umma, mbona hausemi na umma? Mtoto wa shule ya msingi anayeletwa ziarani hurudi nyumbani akijua jina la mti kwa Kilatini na kwa Kiingereza, asijue kwamba mti uleule wenye mbao ngumu unaopendwa na wachongaji wa vinyago huitwa muhugu na Wakikuyu wa Karura na muhuhu na watu wa Arabuko-Sokoke. Majina hayo mawili yaliyokaribiana yangemfunza kwamba misitu hii miwili, mmoja wa bara na mwingine wa pwani, ina undugu. Jina ni kamba ya kumfunga mtu na kitu. Kisicho na jina katika lugha ya mtu hakimliliki akipotea.

Hapa ndipo vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinapoweza kutoa mchango bila kusubiri bajeti ya serikali. Wanafunzi wa tafsiri wanaweza kushirikiana na wenzao wa idara za misitu na mimea kuandaa vibao na ramani za lugha mbili, kukusanya majina ya miti kutoka kwa wazee wa maeneo hayo, na kuandika vijitabu vya kuwaongoza watoto vijiani. Kazi ya namna hiyo ingekuwa na manufaa kwa isimu, kwa elimu na kwa misitu kwa wakati mmoja. Ingeitoa pia lugha katika kumbi za semina na kuipeleka mahali inapohitajika.

Kwa kuhitimisha, wanafunzi wa 1999 waliutetea msitu kwa mawe na mabango kwa sababu hawakuwa wameachiwa njia nyingine. Wanafunzi wa leo wana njia, tena kwa maana halisi ya neno hilo. Wajibu wao ni kuzipita njia hizo, kudai zitunzwe, kudai hesabu zake zisomwe hadharani, na kudai kwamba jirani maskini asigeuzwe mgeni katika msitu wa babu yake. Mnyakuzi hutafuta ardhi ambayo mwenyewe hayupo. Basi na wawepo, kwa miguu yao na kwa lugha yao.