Kuwasha Upya Si Kutengeneza

Programu ya kompyuta inapoanguka mara moja kwa siku kadhaa, wengi huiwasha upya na kuendelea na kazi. Desturi hiyo yafaa kupingwa, hasa mashuleni, kwa kuwa humzoeza mwanafunzi kulifunika kosa badala ya kulitafuta.

Ichukuliwe mfano lugha ya Java, iliyotolewa mwaka 1995. Safu yenye nafasi 10, zinazohesabiwa kuanzia 0 hadi 9, hairuhusu kuandikwa katika nafasi ya 10. Java hukagua na kukataa. Hata hivyo, tangu 1997 ipo njia iitwayo JNI, ambayo kwayo programu ya Java huweza kuita sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C. Lugha hii, aliyoibuni Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, haina mlinzi wa namna hiyo. Ikiandika nje ya mpaka, huweza kuharibu data ya jirani kimyakimya.

Jirani huyo huenda asiguswe kwa saa nzima. Atakapoguswa, pengine na mfagiaji wa kumbukumbu wa Java anayeondoa vitu visivyotumika, programu huanguka, na lawama humpata asiye na hatia. Tena jirani wa leo ni nafasi tupu, na wa kesho ni data yenye thamani. Ndiyo sababu kosa huonekana na kutoweka. Ni dhahiri, basi, kwamba mahali pa anguko si lazima pawe mahali pa kosa.

Watasema wengine kwamba msako hula muda. Ni kweli: chombo kama AddressSanitizer, kinachozungushia kila safu uzio na kuisimamisha programu pindi uzio unapovukwa, hupunguza kasi yake hadi karibu nusu. Lakini programu isiyoanguka, ilhali kumbukumbu yake imeharibika, ni ya hatari zaidi. Huweza kutoa alama za mtihani au kipimo cha dawa kisicho sahihi, wala asitokee wa kushuku.

Hapana budi walimu wawape wanafunzi programu zenye kosa lililofichika, na kutuza ushahidi wa chanzo chake, si ukimya uliofuata baada ya kuwasha upya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.