Mpira wa Walimu wa Kiungani

Ndugu wasomaji wanaosafiri kutoka Athi River kwenda Machakos huviona vilima vya Lukenya, na chini yake vijana wakifukuza mpira uwandani. Miaka hii uwanda huo unakatwa viwanja vya kuuzwa, seng'enge zinazungushwa, na mahali pa kusimamisha magoli panazidi kupungua. Kwa ajili hiyo nimeona yafaa juma hili tuzungumze habari za timu ya zamani, ambayo haikuwa na viatu lakini ilikuwa na uwanja.

Timu hiyo ni ya Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini ya mji wa Unguja, kilichokuwa chini ya misheni ya UMCA. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliotolewa na manowari za Kiingereza katika majahazi ya watumwa. Visa vyao vilitolewa kitabuni na Bwana A. C. Madan mwaka 1887. Ilipoanza karne ya 20, wengi walikuwa vijana wa bara, kutoka Magila, Masasi na Ziwa Nyasa, waliokuja kusomea ualimu na ukasisi.

Ligi haikuwako. Msimu wao uliamuliwa na masomo, na mvua za masika, na meli zilizotia nanga bandarini. Walicheza na mabaharia wa manowari, na pengine na Wazungu wa kampuni ya simu ya Eastern Telegraph, katika uwanja wa Mnazi Mmoja. Hebu fikirini: wanafunzi wa kwanza walibebwa na mabaharia kutoka majahazini kama mzigo uliookolewa, na waliowafuata katika madawati yale yale walisimama mbele ya mabaharia kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, filimbi ikiwa moja kwa wote. Mimi naona mechi hizo zilikuwa na uzito kuliko fainali nyingi za vikombe.

Sheria nazo zilikuwa nyingine. Hadi mwaka 1912 golikipa aliweza kuushika mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya uwanja. Hadi mwaka 1925 mshambuliaji alihesabiwa ameotea ikiwa hapakuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. (Vijana wetu wanaomlalamikia refa kila Jumamosi wangelia machozi!) Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa kamba, na ukilowa ulikuwa mzito kama dafu, nao wakiupiga kwa miguu mitupu.

Walipohitimu, walimu hao walirudi bara kushika shule za vijijini, na pamoja na chaki na vitabu wakauchukua na mchezo. Chuo chao kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam, katika miaka ya 1920. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage. Mwalimu wa kijijini hakuhitaji fedha nyingi; alihitaji ardhi tambarare mbele ya darasa, ambayo hakuna mtu angemwambia aondoke.

Mji wa Machakos una chuo chake cha ualimu, na walimu vijana watapelekwa katika shule za pande za Lukenya. Wazee wa kamati za shule hizo, je, hati ya uwanja wa michezo iko mikononi mwenu? Itazameni ramani kabla kigingi kingine hakijapigwa.