Simu Zimekua, Lakini Tableti Bado Ina Kazi Nyumbani

Ukipita Luthuli Avenue jijini Nairobi siku hizi na kuchungulia madirisha ya maduka ya simu, utaona kwamba simu zimekuwa kubwa kiasi cha kutotosha katika mfuko wa shati. Kando yake zimepangwa tableti, vile vifaa bapa ambavyo wataalamu wa lugha yetu huviita vishikwambi. Kwa mbali huwezi kujua ipi ni simu na ipi si simu. Mzazi aliyeingia akitaka kumnunulia mtoto kifaa cha masomo husimama pale akijikuna kichwa. Je, kuna haja gani ya kununua tableti ilhali simu yenyewe imekaribia kulingana nayo?

Swali hili si la mchezo. Katika nyumba nyingi za mijini, pesa za kununua kifaa kimoja tu hutafutwa kwa miezi kadhaa, zikishindana na karo, kodi ya nyumba na nauli. Ukinunua kisichofaa, hakuna duka litakalokurudishia pesa zako kwa sababu mtoto ameshindwa kusoma nacho. Kwa hivyo leo hebu tulichambue jambo hili polepole.

Tuanze mbali kidogo. Simu ya kwanza ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, kioo chake kilikuwa cha inchi 3.5 tu. Mwaka huohuo ndipo huduma ya M-Pesa ilipoanza hapa kwetu, na wengi waliitumia kwa simu za vibonyezo zenye kioo kisichozidi kisanduku cha kiberiti. Aprili 2010 kampuni ya Apple ikaanza kuuza iPad yenye kioo cha inchi 9.7. Hoja yake ilieleweka kwa urahisi: simu ni ndogo mno kwa kusoma, kompyuta ni nzito kubeba, basi pawe na kitu cha katikati.

Kampuni nyingine zikaja na tableti za inchi 7. Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, alizibeza Oktoba 2010 akisema kwamba zitakufa pale pale zitakapozaliwa, kwani ni kubwa mno kushindana na simu na ndogo mno kushindana na iPad. Kwa muda ilionekana kana kwamba alikosea. Mwaka 2012 Google ilitoa Nexus 7 ya inchi 7, na mwaka huohuo, baada ya Jobs kufariki Oktoba 2011, kampuni yake mwenyewe ikatoa iPad mini ya inchi 7.9.

Lakini simu nazo hazikulala. Mwaka 2011 Samsung ilileta Galaxy Note ya inchi 5.3, na wengi wakaicheka wakisema kwamba mwenye kuiweka sikioni anaonekana kama aliyeshika kipande cha mkate. Kicheko hicho hakikudumu. Septemba 2014 Apple nayo ikafuata kwa iPhone 6 Plus ya inchi 5.5, na leo simu ya inchi 6.7 ni jambo la kawaida, hata miongoni mwa zile za bei nafuu.

Basi tukubaliane kwanza kwa jambo moja. Tableti ndogo ya inchi 7 imekwisha kupokonywa kazi yake na simu. Aliye na simu kubwa mfukoni hana sababu ya kubeba kifaa cha pili chenye ukubwa unaokaribiana nayo. Je, na tableti ya inchi 10 nayo tuitupe?

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotoshwa na hesabu. Inchi za kioo hupimwa kimshazari, yaani kutoka pembe moja hadi pembe ya upande wa pili. Mtu akisikia 6.7 na 10 hudhani tofauti ni ndogo. Lakini simu za leo ni ndefu na nyembamba. Simu ya inchi 6.7 ina upana wa sentimita 7 hivi, na tableti ya inchi 10 ina upana wa sentimita 13 na nusu. Ukipiga hesabu ya eneo zima, kioo cha simu hiyo kina kama inchi 17 za mraba, cha tableti ya inchi 7 kina kama 22, na cha tableti ya inchi 10 kina kama 45. Hicho cha mwisho ni zaidi ya mara mbili na nusu ya kile cha simu.

Sasa weka hesabu hiyo mbele ya mtoto anayejiandaa kwa mtihani. Karatasi za mitihani iliyopita ambazo walimu huzituma kwa WhatsApp huwa zimepangwa kwa ukubwa wa A4, karatasi yenye upana wa sentimita 21. Ukiifungua kwenye simu, ukurasa mzima hubanwa hadi theluthi moja ya upana wake. Herufi za pointi 12 hugeuka kuwa kama za pointi 4, ndogo kuliko maandishi ya karatasi inayokunjwa ndani ya pakiti ya dawa. Mtoto hulazimika kuukuza ukurasa kwa vidole, kuusukuma kushoto, kuurudisha kulia, na akifika mwisho wa mstari amesahau swali lilianzaje. Mchoro wa moyo katika somo la biolojia huuona vipande vipande, mshipa huku na jina lake kule. Ukifungua ukurasa huohuo kwenye tableti ya inchi 10, herufi zinakuwa karibu pointi 8. Ni ndogo, lakini zinasomeka bila kusukumasukuma, kwani kioo hicho kinakaribia ukubwa wa ukurasa wa daftari dogo la shule, lile la A5.

Utaniuliza, mbona simu isilazwe ubavu? Inawezekana, na maandishi yatakuwa makubwa zaidi. Lakini hapo utaona kipande tu cha ukurasa, kisichofika hata nusu yake, na kibodi ikijitokeza ili mtoto aandike jibu, swali lenyewe linafunikwa.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, mimi sidhani kwamba jambo kubwa hapa ni inchi. Jambo kubwa ni kifaa ni cha nani.

Simu ni mali ya mtu mmoja. Ndani yake mna pesa zake, namba yake ya siri, ujumbe wa bosi wake na siri za ndoa yake. Chukua nyumba ya kawaida mtaani Umoja au Kayole. Baba au mama anafika saa mbili usiku, amechoka, simu imebakiza chaji kidogo. Mtoto amekuwa akiingoja tangu saa kumi na moja ili afanye kazi aliyopewa na mwalimu. Anaipokea, na kabla hajamaliza swali la pili, ujumbe unaingia: mwenye nyumba anauliza kodi itafika lini. Mtoto ameusoma. Hakuukusudia, lakini ameusoma, na usiku huo anaenda kulala na mzigo usiokuwa wake. Saa kumi na moja alfajiri simu imeondoka na mwenyewe kwenda kupanda matatu, kazi ya shule ikiwa imeishia njiani. Na Mungu apishe mbali, simu hiyo ikinyakuliwa dirishani mwa gari, maelezo yote ya mtoto yamekwenda nayo.

Simu hiyo ingekuwa na kioo cha ukubwa wowote, matatizo haya yangebaki palepale. Hata zile za kukunjwa, kama Galaxy Fold iliyotoka mwaka 2019 kwa karibu dola 2,000 na kufunguka hadi inchi 7.3, zinaondoka nyumbani na mwenyewe asubuhi kama nyingine zote.

Tableti ni kifaa cha kukaa mahali na kuhudumia kazi. Tazama jinsi serikali yetu ilivyofanya. Katika sensa ya Agosti 2019, makarani walipewa tableti, zaidi ya 160,000 kwa jumla, ingawa wengi wao bila shaka walikuwa na simu zao mifukoni. Vifaa vya KIEMS ambavyo tume ya uchaguzi, IEBC, imevitumia tangu uchaguzi wa 2017 kuwatambua wapigakura navyo ni tableti zenye kisomaji cha alama za vidole. Mradi wa kupeleka vifaa vya dijitali katika shule za msingi za umma, ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, ulisambaza vifaa zaidi ya milioni moja, na vile vya wanafunzi vilikuwa tableti. Kazi hizo zote zilihitaji kifaa kinachoweza kupitishwa kutoka mkono hadi mkono bila kubeba maisha ya mtu binafsi ndani yake. Na hivyo ndivyo inavyohitaji nyumba yenye watoto wawili watatu wanaosoma.

Wazazi hawajasahau Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, na masomo yakahamia redioni, kwenye televisheni na kwenye intaneti. Wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Katika nyumba yenye simu moja na watoto watatu, kulikuwa na foleni kama ya maji bombani. Tena mtaala wa CBC, ulioanza rasmi mwaka 2019, uliutaja ujuzi wa dijitali kuwa mmojawapo wa umilisi saba ambao kila mtoto anapaswa kuupata. Kazi za kutafuta habari na picha hazitapungua.

Je, kila mtu basi akimbilie tableti? La hasha. Wewe mwanafunzi wa chuo kikuu unayeishi peke yako chumbani na kuandika insha za kurasa kumi, simu nzuri kubwa itakutosha kwa kusoma na kuwasiliana. Ukiwa na akiba, iweke kwa kompyuta ya mapajani, hata iliyotumika, kwa maana kuandika ndiko kutakakokutesa. Wewe kijana unayefanya biashara mtandaoni, simu ndiyo duka lako. Na wenye watoto wachanga pia wasiharakishe. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Tableti isigeuzwe kuwa yaya.

Lakini nyumba yenye watoto wa shule, ambapo baba na mama tayari wana simu zinazofanya kazi, ushauri wangu ni huu: pesa ulizokuwa ukizitafuta ili ubadilishe simu yako uchukue kubwa zaidi, nunua nazo tableti moja ya nyumba nzima.

Ukienda dukani, usikubali tableti ya inchi 7 eti kwa sababu ina kava la rangi na picha za katuni. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Tafuta ya inchi 10 au karibu na hapo, yenye angalau GB 4 za RAM na GB 64 za kuhifadhi. Uliza ni toleo gani la Android, kwani likiwa la kale mno programu nyingi zitakataa kuingia. Si lazima iwe na nafasi ya laini, maana simu yako inaweza kuigawia intaneti jioni ukiwa nyumbani, na bando likabaki mikononi mwako badala ya mikononi mwa mtoto. Ukinunua iliyotumika, hakikisha mwenyewe wa kwanza ameondoa akaunti yake mbele ya macho yako, la sivyo siku utakapoifuta itakudai nenosiri usilolijua, na hapo utakuwa umenunua sinia.

Ikifika nyumbani, mfungulie mtoto akaunti ya watoto. Programu ya Family Link ya Google humwezesha mzazi kupanga saa za matumizi na kuidhinisha programu zinazoingizwa. Vitabu na karatasi za mitihani ziingizwe mapema ili zisomeke hata bando likiisha. Isiwekwe M-Pesa wala barua za kazi za mtu yeyote. Na ikae sebuleni, ichajiwe sebuleni, ilale sebuleni.

Watoto watagombania zamu, hilo halina budi. Andika ratiba na uibandike ukutani: wa mtihani atangulie, wa katuni asubiri. Nawe mzazi, simu yako ikilia saa mbili usiku, utaipokea bila kumpokonya mtu kitabu chake.